Ukuta Uliokausha Sare

Mwezi uliopita, nikipita karibu na stendi pale Mbeya, nilikutana na harufu ya mkate unaotoka tanurini. Miguu ikasimama yenyewe. Ngojeni niwapeleke Tukuyu, kwenye nyumba ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda.

Ilikuwa nyumba kuukuu nyuma ya soko, vyumba viwili, bati lenye kutu, sakafu imepasukapasuka. Mama, nesi aliyehamishiwa huko kutoka Singida, aliipanga kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu na kazini alikwenda kwa miguu. Wenzake walikaa mbali, kwenye nyumba zenye dari. Sikuwaonea wivu hata kidogo! Nikifungua dirisha naona mikungu ya ndizi kutoka kijiji cha Masoko ikishushwa, nasikia makondakta wakiita abiria wa Kyela, na sokoni nilifika kabla mama hajamaliza kunituma. Tena tulikuwa na ukuta.

Ukuta huo ndio uliotutenganisha na tanuri la Mzee Gwakisa, mwoka mikate. Mnaoijua mvua ya Tukuyu mnajua nguo zinavyokaa kambani wiki nzima na bado zinanuka ukungu. Zetu zilikauka kwa saa mbili. Majirani wakaanza kubisha hodi na sweta za watoto wao, mama akapigilia misumari, na kila jioni chumba kikajaa sare za mtaa mzima na harufu ya mkate. Mama hakujua neno la Kinyakyusa, lakini kwa ukuta ule akapata mashoga.

Siku moja tu ukuta ulikuwa baridi: Jumapili. Mzee Gwakisa alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili hakuwasha kuni kwa lolote. Bwana harusi mmoja aliwahi kumbembeleza, akarudi mikono mitupu.

Basi nikiwa darasa la tatu, nilichaguliwa kughani shairi mbele ya wageni wa shule, Jumatatu asubuhi. Mwalimu alisema wazi: asiye na sare safi na kavu hapandi jukwaani. Nami sare nilikuwa nayo moja. Jumapili alasiri, tukirudi kutoka mazoezini, nikawa namwonyesha rafiki yangu Atupele jinsi nitakavyoinama kwa madaha kuwasalimu wageni. Nikainama mpaka kwenye tope. Sketi, sweta, soksi, vyote.

Mama alifua huku akinisema. Mvua haikukatika. Sketi ingevumilia pasi, lakini sweta ya sufu ingeungua. Nikauegemea ule ukuta baridi nikalia kwa sauti yote niliyojaliwa.

Mara hodi. Alikuwa Mzee Gwakisa, bado na suti ya kanisani.

"Nesi, huyo anayelia kama mbuzi wa mnadani ni Neema?"

"Ndiye, baba. Sare imelowa, na kesho ndiyo siku yake."

Akaitazama sweta ikichuruzika. "Ianikeni palepale. Nina kazi kidogo kwenye tanuri, limepata unyevu."

Kabla giza halijaingia ukuta ulikuwa wa moto. Niliruka, nikaubusu! Jumatatu nikapanda jukwaani na sweta kavu, sikukosea hata neno, makofi yakalia. Nikarudi mbio nyumbani, nikampita Mzee Gwakisa mlangoni kwake bila kumwambia hata asante. Kwangu mimi ilikuwa bahati tu, kwamba tanuri limepata unyevu siku niliyoihitaji.

Sasa pale Mbeya, katikati ya harufu ile, nikashtuka. Jumapili ile ukuta ulipata moto, lakini mkate haukunukia. Na asubuhi yake tulikunywa chai na ndizi, kwa sababu mkate haukuwepo. Hakuoka chochote! Mzee aliyemkatalia bwana harusi alichoma kuni zake Jumapili kwa ajili ya sweta ya mtoto wa mgeni, kisha akatuongopea ili tusijione tuna deni kwake. Na sasa ni marehemu, miaka mingi.

Niliingia dukani nimejaa furaha na machozi kwa pamoja. Nikanunua mkate, nikamshika muuzaji mkono kwa mikono yangu miwili.

"Ndaga fijo," nikamwambia. Asante sana.

Yule binti muuzaji akacheka. "Mama, shukrani zote hizo kwa mkate mmoja?"