Nzuri, Ila

Baba yangu hakupokea habari mbaya kabla ya salamu, wala hakuitoa. Siku ng'ombe wetu alipotumbukia kisimani, jirani aliyekuja mbio kutuita alisimamishwa kwanza mlangoni aseme kwao wameamkaje. "Nzuri," akajibu huku anahema, "ila ng'ombe wenu yuko kisimani." Hapo ndipo baba akainuka kutafuta kamba. Kwetu Kinampanda ndivyo tulivyolelewa: "nzuri" ni ya adabu, habari yenyewe inakuja nyuma ya "ila." Utotoni niliona ni kero tupu. Siku hizi natamani nisimamishwe mlangoni vile vile.

Baba akiwa mwenyekiti wa kitongoji, ilikuja mvua isiyotoa hata nafasi ya kuanika nguo. Nyumba nyingi kwetu zilikuwa bado tembe, paa la udongo lililolazwa juu ya miti, na udongo ule ukishiba maji huwa mzito kuliko miti inavyoweza kubeba. Tembe ya shangazi, dada yake baba, ilishuka asubuhi yeye akiwa zizini anakamua. Alipona, lakini mtama wake na matandiko yake vikabaki chini ya tope. Za majirani zikafuata.

Shangazi tukamlaza sebuleni, wengine wakajaa jikoni na stoo. Tulihitaji maturubai na unga, tena upesi, na mtu wa kuliangalia kalvati la korongoni lililokuwa limeanza kumegeka. Tukiwa katika hali hiyo, simu ya baba ikaanza kulia, nami nikashukuru Mungu kwamba serikali imetukumbuka.

Wa kwanza alikuwa kijana wa ofisi ya barabara wilayani. Akaamkia, akauliza habari za huko. Baba akaitikia marahaba, akasema nzuri, akavuta pumzi aanze "ila" yake, na kijana akashukuru akakata. Alikuwa na vijiji vingi vya kupigia, na mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Akafuata wa chakula, kisha wa maafa mwenyewe, kila mmoja na ofisi yake, bila kujua kwamba mwenzake keshapiga. Wote walipewa "nzuri," wote wakakata. Baba alipojaribu kuwarudia, hawakupatikana.

Shangazi, aliyekuwa amejifunika kitenge cha mama, akamwambia, "Kaka, wakipiga tena, anza na ila."

"Sikulelewa hivyo," baba akasema.

Nilitamani kumpokonya ile simu. Nilikasirika naye, nikawakasirikia na wale waliokuwa na haraka ya kutusaidia kuliko kutusikiliza.

Baadaye tulisikia kwamba zile ofisi, ambazo hata kugawana gari zilikuwa zinashindwa, zilipokutana zilikubaliana bila ubishi: Kinampanda ni salama. Lori la maturubai likapelekwa kwa wengine, Misigiri. Kalvati likaenda na maji, watu wakavusha unga kichwani, na shangazi akashikwa na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka kiangazi.

Mvua ilipokatika, wenyeviti wakaitwa wilayani kwenye kikao. Baba akavaa koti lake la harusini, linalobana makwapani. Zamu yake ilipofika akaulizwa habari za Kinampanda. Akasema nzuri, kisha akanyamaza akiwatazama mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Ila," akasema. "Hilo ndilo neno ambalo hamkulisubiri."

Ukumbi ukacheka. Alipoeleza habari ya shangazi, kicheko kikaisha. Wakakubaliana kwamba tangu siku ile mtu mmoja atapiga kwa niaba ya ofisi zote, na akishapewa "nzuri" asikate. Kazi hiyo ikamwangukia yule kijana wa barabara. Alijifunza vizuri mno, maana baba akichelewa kidogo aliuliza mwenyewe, "Ila?" Mara nyingi ila yenyewe ilikuwa kuku wameliwa na kicheche, naye alisikiliza mpaka mwisho. Misimu iliyofuata, maturubai yalifika stoo ya shule kabla ya mawingu, na kalvati jipya likawa linazibuliwa mapema. Shangazi alipewa turubai lake, akaanikia mtama kiangazi kizima na kutamba kwamba hilo ni tunda la kikohozi chake.

Baba alituacha mwaka huu, kabla ya mvua. Simu yake nilibaki nayo mimi, kwa sababu sikuweza kuizima. Mawingu ya kwanza yalipokusanyika upande wa Kiomboi, ikalia.

"Shikamoo mzee. Habari za huko?"

Nilikuwa nimepanga la kusema. Ulimi wangu ukasema kile ulichofundishwa.

"Nzuri."

Lazima alisikia kwamba sauti si yenyewe. Hakukata. Nyuma yake nilisikia watu wa ofisini wakiongea, naye akawanyamazisha.

"Ila?" akauliza, taratibu.

"Ila mzee hayupo."