Michongoma ya Kota

Harufu ya ulezi uliotoka kupurwa ilitufikia kitandani kabla chai haijachemka. Kati ya kota za serikali hapa Sumbawanga, tulikokaa sisi watoto wa watumishi waliohamia kutoka Mbeya, na nyumba za wakulima wa Kifipa, palikuwa na kiwanja cha udongo mgumu kisicho na mwenyewe. Mama zao walipura ulezi hapo, mama zetu walikikatiza kwenda bombani, na foleni ya maji ilikuwa moja. Jioni, makapi yakishasukumwa pembeni, tulicheza mpira. Rafiki yangu Deo, mtoto wa wakulima, alinitania kila nilipovua viatu nisivichafue. "Mtoto wa bwana shamba, leo umevilaza upande gani?" Siku moja, nikikwepa utani huo, nilivificha ndani ya lundo la makapi. Giza likaingia, nikavisahau, nikarudi nyumbani peku.

Baba aliuliza viatu viko wapi. Niliogopa fimbo. "Deo kavichukua," nikasema. Baba hakumpiga mtu. Alizungumza na majirani wa kota, na mvua zilipoanza wakapanda ua wa michongoma upande wa wakulima, kiwanja chote kikabaki kwetu. Shuleni tulikuwa tunaimba kwamba sote ni ndugu. Mama Deo alikuja kwa mama yangu, akasimama mlangoni. "Mama, ulezi wangu nitaupura wapi?" Mama alinitazama, nami nikatazama sakafu. Wakati huo nilikuwa nimeshavipata viatu, na kuvitumbukiza chooni. Miche ilikuwa haijafika hata magotini. Neno langu moja lingetosha kuing'oa.

Nimezeekea katika kota hizohizo. Mwaka jana niliomba kamati ya mtaa ikate njia kwenye ule ua, wakakubali. Nikamtafuta Deo, nikamweleza habari ya viatu. Alichora chini kwa fimbo yake.

"Mama aliniuliza mpaka siku zake za mwisho," alisema. "'Deo, kweli hukuvichukua?' Kila nikikana, anasema, 'Haya, mwanangu.' Lakini anauliza tena."

Njia imekatwa, pana kiasi cha kupitisha mkokoteni. Kila jioni nakaa kibarazani naitazama. Nyasi zimeanza kuota katikati yake. Wajukuu wa Deo wakitumwa dukani huku kwetu, bado wanazungukia barabarani, na wangu hawajui majina yao.