Gauni Lililofika Bungeni

Mama yangu alikuwa na gauni moja la shamba, la buluu iliyochujuka ikawa kijivu, lenye kiraka cha kitambaa cha pazia mgongoni. Nalitaja mapema kwa sababu gauni hilo limewahi kuingia Bungeni, Nairobi, na mimi mwenyewe mpaka leo sijaingia.

Mwaka huo nilimaliza darasa la nane kule Myanga, nikaitwa katika shule ya bweni ya wasichana huko Kitale. Barua ya kuitwa niliisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kukatika. Kichwani nilikuwa nimeshachagua kitanda changu, cha juu, karibu na dirisha. Baba alikuwa ametutoka zamani, na mama aliuza viazi vitamu na ndizi sokoni. Karo ya bweni haikutoka kwenye viazi. Tumaini letu lilikuwa moja tu, basari ya eneobunge, fedha za kuwalipia karo wasiojiweza.

Fomu ilijazwa ikapigwa mihuri yote: wa mwalimu mkuu, wa pasta, wa chifu. Kilichobaki ni mzazi kwenda kwa chifu kuhojiwa na kamati. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yalianza kuharibikia kwenye ua wetu wa nyuma.

Mama alilelewa akijua kuwa mbele ya serikali mtu haendi ovyo. Kanisani unavaa vizuri, na kwa wakubwa unavaa vizuri zaidi, wasije wakadhani umewadharau. Basi siku moja kabla ya mahojiano alikwenda uani kumwita jirani yetu, mama wa duka, ambaye mumewe alileta bidhaa kutoka Lwakhakha, mpakani, na ambaye hakuwa na shida ya viatu. Akamwomba vile vyeusi vya kisigino pamoja na mkoba.

"Chukua tu, dada," mama wa duka akasema. "Na wewe niazime ile gauni yako ya bluu. Ile ya shamba."

"Hii? Unaenda kulima wapi na jua kali namna hii?"

"Si iko kazi kidogo tu."

Mama hakuuliza tena. Jirani haulizwi mara mbili. Gauni likavuka ua kwenda huko, viatu vikavuka kuja kwetu, kila mmoja akarudi jikoni kwake ameridhika.

Kesho yake kwenye foleni nilitazama mara mbili. Mbele yetu alisimama mama wa duka, miguu mitupu, ndani ya gauni la mama yangu, na tope hadi magotini. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili, sijui tope lile alilitoa wapi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku hiyo nilikiona kwa macho yangu kikiingia chumba cha kamati na kutoka kikitabasamu.

Zamu yetu ilipofika, mwenyekiti wa kamati hakumtazama mama usoni. Alitazama viatu.

"Mama, hizi viatu ulinunua pesa ngapi?"

Mama angesema tu kwamba ni vya kuazima. Maneno mawili, na mimi ningekwenda Kitale. Lakini watu walijaa mlangoni, na mama yangu ana aibu ya watu wenye heshima.

"Ni viatu tu," akajibu, akavificha chini ya kiti.

Mwenyekiti akaandika kitu kifupi. Orodha ilipobandikwa ukutani, jina la mtoto wa mama wa duka lilikuwepo. Langu halikuwepo. Nililitafuta kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kana kwamba lingeingia nilipogeuka.

Siku mbili baadaye gauni lilirudi, limefuliwa, limepigwa pasi, na juu yake pana mche wa sabuni. Mimi nilitaka kuutupa mche huo juu ya paa la duka. Mama akaupokea na kushukuru. Akaniambia, "Hakuniibia. Alienda vile alijua, na mimi nikaenda vile nilijua." Nilimwona mjinga siku hiyo, nakiri. Shule ilikuwa imekubali kuniwekea nafasi hadi katikati ya muhula, basi, na kila Jumatatu ilinipita nikiwa sokoni nimeketi nyuma ya viazi.

Ndipo kipaza sauti cha chifu kikapita kikitangaza kwamba mbunge wetu, aliyekuwa katika kamati ya elimu Bungeni, anaandaa hoja juu ya namna ya kugawa msaada kwa wanafunzi wasiojiweza, na kwamba wananchi waje mjini Bungoma watoe maoni. Niliruka! Mama akakataa.

"Nitasema nini mbele ya watu ya Nairobi, na Kiswahili yangu hii?"

Nilimsumbua siku tatu. Ya nne akakubali ili nimpe amani. Alivaa kitenge chake mwenyewe na malapa yake mwenyewe, na mimi nikaficha gauni la buluu ndani ya mfuko wa karatasi. Tulipanda bodaboda moja mpaka mjini, mfuko nimeubana kifuani.

Ukumbini walizungumza kwanza wenye makoti, kwa Kiingereza, na kila mmoja alikuwa na karatasi. Mheshimiwa alikaa mbele akiandika. Maikrofoni ilipomfikia mama, akasimama, akaishika kwa mikono miwili, akanyamaza. Ukumbi ukasubiri. Mtu akakohoa. Mimi hasira nilizorithi kwa baba zikanipanda, nikalichomoa gauni mfukoni nikaliinua juu.

Mama alinipokonya. Nilijua atalikunja alikalie. Lakini alilitazama kidogo, kisha akalikung'uta likafunguka lote, kiraka kikaonekana mpaka nyuma ya ukumbi.

"Mheshimiwa, hii gauni ni yangu. Ilienda kwa kamati bila mimi, ikapata basari. Mimi nikaenda bila yeye, nikakosa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mheshimiwa peke yake hakucheka.

"Nani aliivaa, mama?"

"Hiyo sisemi. Ni jirani yangu. Si nyinyi ndio mlitufundisha? Mkitaka kuangalia matambara, tutawaletea matambara. Hakuna mtu alikuja kuangalia nyumba yangu. Hakuna mtu aliuliza mwalimu wa huyu mtoto."

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza. Mheshimiwa akaweka kalamu chini, akatembea mpaka tulipokuwa.

"Mama, naomba kuazima hii gauni."

"Chukua. Lakini irudi mapema, tunaanza kupalilia."

Siku ya hoja ilikuwa siku ya kazi, alasiri, na redio yenye sauti ya maana Myanga nzima ilikuwa moja, ile ya mama wa duka. Nilisema bora nisisikie kabisa. Mama akanivuta mkono. Tulikuta watu wamejaa hadi barabarani, na mama wa duka ameketi nyuma ya kaunta.

Mheshimiwa alipoanza kuzungumza, nilihisi moyo unapiga hata kwenye meno. Alisimulia yote, bila jina la mtu. Alisema msaada wa maskini umegeuzwa mashindano ya kuigiza umaskini, na kwamba anayeshindwa kuigiza ndiye anayebaki nyumbani. Alitaka kamati ziende mpaka majumbani na kwa walimu. Kisha tukasikia makelele, viti, na sauti ya Spika ikimwamuru mheshimiwa atoe hiyo nguo nje ya ukumbi, kwa kuwa hakuomba ruhusa ya kuileta.

"Ati gauni yangu inafukuzwa?" mama akapaza sauti. "Imefanya nini?"

Nje ya duka watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini mheshimiwa aliendelea, bila gauni, na wenzake wakamuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Spika alipouliza wanaokubali, "ndiyo" iliyotoka redioni iliziba masikio. Sisi nasi tukaitikia "ndiyo!" kama vile tumehesabiwa. Nilimkumbatia mwanamke nisiyemjua. Nilifurahi mpaka machozi, na sioni haya kusema.

Watu walipotawanyika, mama wa duka akapunguza redio.

"Dada," akasema polepole, "ile tope nilichota kwa kisima. Ndoo mbili."

Mama alimwangalia. Kisha akaanza kucheka, akainamia kaunta, na mwenzake akacheka huku akijifuta macho kwa leso. Mimi sikuwa tayari kucheka. Nilicheka baadaye, nyumbani.

Hoja kupita Bungeni ni jambo moja na utekelezaji ni jambo lingine, lakini mheshimiwa aliiambia kamati ya eneo letu ianze mara moja na wale walioachwa. Ilibaki wiki moja muhula ufike katikati. Tulikuwa shambani tukipalilia, mama amevaa gauni la buluu lililorudi ndani ya bahasha nzuri ya khaki, nilipoona watu watatu wenye faili wakikata kona. Yule mwenyekiti alikuwa mbele.

Mama akatupa jembe akakimbilia mlango wa nyuma.

"Waambie wangoje!"

"Mayi, usibadilishe! Njoo vile uko!" nikamwita mama kwa lugha yetu.

Nani alinisikia? Nilibaki nimesimama mbele ya wageni nikiomba Mungu, huku ndani kifuniko cha sanduku la nguo kikilia. Alitoka amevaa kitenge chake, kilemba kimekaa sawa, na miguu yenye udongo wa shamba. Akawakaribisha viti kwa utaratibu. Mwenyekiti safari hii alitazama paa, akatazama ukuta, akasoma barua ya mwalimu wangu, na miguuni hakutazama kabisa. Siku tano baadaye nilikuwa Kitale. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mwenyewe, nikapewa cha chini, mlangoni, nikalala kama malkia.

Leo mimi ni mwalimu hapa hapa Kitale, na nimo katika kamati ya basari inayozunguka majumbani. Wenzangu vijana hupenda tufike ghafla, ati ndiyo tuone ukweli. Mimi hupiga hodi nikiwa bado barabarani, kwa sauti kubwa, kisha nainama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Wao hunung'unika. Nazifunga taratibu, ya kushoto, halafu ya kulia, mpaka nisikie sanduku limefungwa huko ndani.