Amefunga Tangu Juzi

Beberu wa baba alipotea siku ya mnada, akafuata kundi la watu. Nikatumwa kumtafuta, nikatoka Ngara hadi Biharamulo, mara kwa miguu, mara juu ya lori. Mkorofi yule sikumpata. Nikaona haya kurudi mikono mitupu, basi nikaomba kibarua kwenye kituo kimoja cha afya. Jina lake naliacha. Siku ya kwanza nilideki matapishi mpaka jioni. Kwa kazi hiyo, darasa langu la tatu lilinitosha.

Baadaye wakagundua najua Kisubi, lugha ya wenyeji, wakanifanya na mkalimani.

Tabibu wetu alipenda kufundisha. Wagonjwa wakiomba dawa ya kutapika huwatania, "Ya kutapika au ya kuacha?" Akanieleza kwamba hata hizo za kuacha si ndugu. Metoklopramidi hulisukuma tumbo limwage chakula chini upesi. Promethazini huleta usingizi, na tumbo nalo linazembea, chakula kinakawia humo.

"Ila utumbo ukiziba," akasema, "usisukume. Utasukuma ukuta."

Ramadhani ilikuwa imeisha punde Mzee Hamisi wa Nyantakara alipoletwa na mkewe, anatapika, tumbo limevimba. Mzee akanieleza kwa Kisubi kwamba choo hakitoki, wala hewa.

Nikamwambia tabibu, "Amefunga tangu juzi." Huku ndivyo tunavyosema mtu asipopata choo.

"Wazee na sita zao," akacheka. "Njaa tu hiyo." Akamchoma ile ya kusukuma.

Mimi Mkatoliki, funga ya sita, zile siku za baada ya Ramadhani, sikuijua, nilidhani anahesabu vidonge.

Mzee akaanza kujikunja kwa maumivu. Tukampakia kwenda hospitali ya wilaya, akakata roho njiani. Daktari wa huko alisema utumbo ulijipinda. Kama sindano ilimwongezea ubaya, mimi sijui, na wanaojua hawakusema.

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akaniita, tabibu yupo pembeni.

"Kijana wangu, nenda kwa mjane. Mwambie ulitafsiri vibaya."

"Nilisema amefunga."

"Amefunga nini? Kiswahili chako ndicho kilichomwua."

Nikamtazama tabibu, mwalimu wangu. Akaangalia viatu vyake.

Vijana mnaniita mstaafu. Sikustaafu mimi. Nilitundika aproni mlangoni, nikatoka. Mjane alikuwa kwenye benchi, kajifunika khanga. Nikampa pole, hilo tu, nikapita getini na kushika barabara ya Ngara. Sikurudi, hata kuchukua kandambili zangu.