Kibuyu cha Kumpokea Chebet

Alasiri ile jikoni kulinuka moshi. Nilisikia shangazi wakisema, "Chebet analetwa leo." Kwetu anayerudi kutoka mbali hupokewa kwa mursik, maziwa ya kibuyu yaliyotiwa mkaa, na hakuna aliyekuwa ametayarisha. Nikachukua kibuyu mwenyewe, nikasimama langoni. Sikujua kwamba magaidi walikuwa wameingia chuoni kwa dada yangu.

Gari lilipofika nilimkimbilia mjomba aliyeshuka kwanza.

"Mjomba, mwambie Chebet ashuke, nimechoka kushika."

Mjomba alinipokonya kibuyu, akageukia shamba la chai la jirani, mabega yakitetemeka. Nilidhani anakunywa.

Kaburini, mkubwa mmoja wa serikali alisema nchi haitawasahau watoto hawa.

"Mtasoma majina yao kila mwaka?" Mama aliuliza.

"Kila mwaka, mama."

Nilidhani nchi ni mtu, mzee fulani wa Nairobi asiyesahau kitu. Kila mwaka siku ya shambulio ikifika, Mama alikuwa akifunga kitambaa kichwani na kuketi karibu na redio. Jina la Chebet lilisomwa mwaka wa kwanza tu. Mama aliendelea kuketi pale hadi alipofariki, na hata wauaji hatukuwahi kuambiwa kama walishtakiwa.

Wiki jana nilipita sokoni Kapkatet. Jiwe la kumbukumbu lenye majina ya waliouawa chuoni lilikuwa limebandikwa bango la mgombea akitabasamu. Nililibandua bango hilo kwa kucha. Chini yake kulikuwa na lingine, la uchaguzi uliopita, nalo lilikuwa limeshikamana na jiwe.