Jicho na Timazi

Fundi mwashi mmoja walimwita Jicho, maana alinyoosha kuta kwa macho tu. Timazi, ile kamba yenye chuma ya kupimia ukuta, aliiita fimbo ya vipofu.

Siku tatu mfululizo, kila akisali kabla ya kazi, moyo ulimwambia: pima ukuta unaoujenga.

"Mungu wangu, miaka thelathini kwenye matofali, leo ndiyo unanifundisha kazi?"

Siku ya nne akaenda shingo upande kuazima timazi kwa shemeji yake, fundi ambaye Jicho mwenyewe alizoea kumdharau. Akapima. Ukuta umeinama vidole viwili! Akaanza kuubomoa mbele ya watu.

"Kumbe Jicho huoni!" shemeji akaangua kicheko.

"Sioni! Ndiyo maana namtii anayeona. Ukimaliza kucheka, shika nyundo."