Kamba Yenye Mafundo Matatu

Mjomba hakupenda futi. Maseremala wengine waliwapima marehemu kwa futi ileile waliyopimia makabati, lakini yeye alikata kamba nyeupe ya pamba, akaenda nayo msibani, akafunga fundo la kwanza penye utosi, la pili mabegani na la tatu nyayoni. "Futi kesho inarudi kazini," alizoea kusema. "Kipimo cha mtu hakirudi kazini. Kinakwenda naye." Jeneza likishakamilika, kamba hiyo ilishonewa ndani ya mto mdogo wa satini, na mto ukawekwa chini ya kichwa cha mwenyewe.

Kazi ya kushona mito na bitana ilikuwa ya mpwa wake, binti wa miaka kumi na tisa. Karakana nzima ilimwita Sindano kwa ajili ya wembamba wake, na kwa ajili ya ulimi wake pia.

"Ukimchokoza unatoka na tundu," alisema Randa, seremala aliyebandikwa jina la kifaa chake na aliyependa utani kuliko kazi.

Sindano alikwisha kushona mito zaidi ya mia mbili, na hakuna hata mmoja aliomwachia mtu mwingine amalizie, isipokuwa mmoja tu. Mto huo ulikuwa wa mama yake.

Mama aliugua miezi minane. Sindano ndiye aliyemwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoboke. Mwishoni sauti ya mama ilikatika kabisa, wakawa wanazungumza kwa ishara. Muda huo wote mdogo wake, Kitinda, alikuwa shule ya bweni. Alituma salamu. Mama alizisikiliza salamu hizo huku akitabasamu, na Sindano akiwa ameshika beseni hakukumbuka lini yeye alitabasamiwa hivyo. Anayekuwepo kila siku, nani humshangilia akiingia?

Alasiri moja, baada ya kubadilisha shuka mara ya nne, alisimama mlangoni na shuka chafu mikononi, akasema kwa sauti: "Kama ni kufa, si ufe basi tupumzike wote!"

Mama alikuwa ameelekea ukutani. Labda alikuwa amelala, labda alikuwa macho. Asubuhi yake alikuwa amekufa, na Sindano akabaki na swali moja tu duniani: alinisikia?

Kitinda alifika siku moja kabla ya mazishi. Alimkuta dada yake kwenye cherehani, mto wa satini mapajani, akijaribu kwa mara ya kumi kupitisha uzi tunduni.

"Dada, hebu lete nimalizie."

Sindano akampa, akatoka nje kulia.

Miezi sita ikapita. Kitinda alimaliza shule, na mjomba akampa kazi ya kupiga msasa na vanishi. Hakuwa mzembe. Asubuhi moja, hata wiki mbili hazijatimia, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ubao wake:

"Dada, sogeza kiti. Unambana mama."

Randa akaacha kupiga randa. Mjomba akajifanya anatafuta misumari.

"Unasemaje?" Sindano aliuliza.

"Mama. Amekaa hapo pembeni ya cherehani yako. Kila siku anakaa hapo, tunacheka naye. Sikutaka kusema, nilijua utaniita mwongo."

"Mwongo."

"Si unaona?"

"Haya. Amevaa nini?"

"Gauni la buluu. Kifungo cha tatu cheupe, vingine vyote vyeusi."

Sindano aliacha kushona. Gauni lile lilikuwa la ugonjwani. Kifungo kile alikishona yeye mwenyewe mwezi wa saba wa ugonjwa, kwa sababu cheusi hakikupatikana, na gauni lilichomwa kabla Kitinda hajarudi. Basi ilikuwa kweli. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa hofu wala furaha. Alijiuliza: kwa nini yeye? Mimi nimelifua gauni lile mpaka vidole vikachubuka, halafu anakwenda kumwonyesha yeye?

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza unachoma, akikohoa unachoma. Kila Kitinda alipotabasamu peke yake, Sindano aligeuka upesi kutazama pembeni ya cherehani, akaona vumbi la mbao na mwanga wa dirisha. Alijaribu kutazama kwa kuvizia, alijaribu kutotazama, alijaribu kuomba. Hakuna.

Mambo yalizidi alipokuja mjane mmoja kuchagua rangi ya bitana. Kitinda alitazama nyuma ya bega la mjane, akasema taratibu, "Bibi, mumeo anashika mfuko wa koti lake la kijivu. Kuna kitu humo." Kesho yake mjane alirudi na ufunguo aliousaka wiki nzima, akamkumbatia Kitinda, akalia. Habari ikaenea. Watu wakaanza kuja wakiulizia yule binti mwenye macho. Waliipita cherehani ya Sindano bila hata kuuliza hali.

"Sindano," Randa alimtania, "siku hizi wewe ni sindano jina tu. Uzi anao mdogo wako."

Alicheka peke yake.

Siku ile ile mchana, Kitinda alipokunja mikono ya blauzi kunawa vanishi, Sindano aliona ukingo wa kitu cheupe juu ya kiwiko. Kitinda akakifunika haraka, lakini jicho la mshonaji halidanganywi kirahisi. Ilikuwa kamba ya pamba iliyozungushwa mara nyingi mkononi, na katikati yake fundo.

Sindano alielewa yote mara moja. Ndani ya mto wa mama palishonwa kipande cha kamba tupu kutoka kwenye bunda. Kipimo chenyewe kilibaki juu ya ardhi, na mama pamoja nacho; aliyekivaa ndiye aliyemwona.

Hakumwambia mtu. Asubuhi iliyofuata, Kitinda alipokuwa bafuni, alipekua nguo zake zilizokuwa zimetundikwa mlangoni, akaichukua kamba, akatoka mbio mpaka karakana. Mjomba na Randa walikuwa hawajafika. Aliizungusha mkononi, akakaza fundo la mwisho kwa meno, akainua macho.

Karakana ilikuwa imejaa watu.

Majeneza manne yalikuwa yanangoja kukamilishwa, na wenyewe wanne walikuwa wamesimama kando yake kama watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi. Bibi mmoja alikuwa amefumba macho. Mzee mmoja alikuwa akigonga ubao wa jeneza lake kwa kidole, kama mnunuzi anayekagua mlango. Na pembeni ya cherehani alikuwepo mama.

Hakuwa amekaa, wala hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama kwa miguu yake iliyovimba, akiyumba kwa usingizi, gauni la buluu likimning'inia. Alikuwa akimtazama Sindano moja kwa moja usoni.

"Mama," Sindano alisema.

Mlango ukabamizwa. Kitinda aliingia akihema, nywele zimelowa.

"Nirudishie! Mwizi wewe!"

"Mwizi nani? Nani aliyemwibia mama kipimo chake? Miezi sita umemsimamisha kama mlingoti, halafu unaniambia amekaa, mnacheka!"

Kitinda akakaa chini, juu ya maranda. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Sikuwahi kucheka naye. Hata siku moja hajanigeukia, dada. Anakutazama wewe tu. Ukienda dukani anatazama mlango mpaka urudi. Nilikuwa namwimbia, nachezacheza mbele yake, anatazama juu ya kichwa changu. Sikumuuguza, najua. Lakini nilitaka aniangalie mara moja."

Sindano aliona kitu kitamu kikimtambaa kifuani, na aliona aibu kwa utamu huo, lakini hakuufukuza.

"Halafu kila siku anakufanyia hivi," Kitinda aliendelea. Aliweka kiganja chini ya shavu, akazungusha kifundo cha mkono. "Nikadhani ni siri yenu. Maana yake nini?"

Ishara ile Sindano aliijua kuliko jina lake. Ndiyo waliyoitumia sauti ilipokatika: nigeuze ubavu wa kulia, nataka kulala.

"Sijui," alisema.

Akabaki na kamba. Siku ya kwanza alishona kutwa huku mama akimtazama, na moyo ulimshiba kama tumbo la mtu aliyefunga mwezi, kisha akafuturu. Kitinda alipiga msasa kwenye kona, macho mekundu, na kila alipoinua uso Sindano alitabasamu kuelekea pembeni ya cherehani, makusudi, kama Kitinda alivyokuwa akimfanyia yeye.

Siku ya pili alimaliza mto wa yule mzee. Alishonea kamba ndani, akang'ata uzi. Papo hapo mzee alipiga mwayo, akapanda ndani ya jeneza lake, akajinyoosha, akatoweka. Sindano alimgeukia mama. Mama alikuwa akiutazama ule mto kama mtoto anavyoutazama mkate wa mwenzake. Kisha akaweka kiganja chini ya shavu, akazungusha mkono.

Sindano aliinama akatia uzi tunduni.

Siku ya tatu mama aliifanya ishara ile tangu asubuhi mpaka jioni. Magoti yalikuwa yakimkunjika. Sindano alijiambia: kesho. Mwenzangu alikuwa na kamba miezi sita, na mimi siku tatu tu?

Siku ya nne alizima cherehani, akasimama mbele yake, karibu kabisa.

"Mama, siku ile nimeshika shuka. Nilichokisema. Ulinisikia?"

Mama alimtazama sana. Mdomo ulifunguka, ukajifunga. Kiganja kikapanda taratibu, kikafika chini ya shavu, na safari hii hakikuwa na nguvu hata ya kuzunguka.

Sindano akafahamu kwamba jibu hatalipata. Mbele yake alikuwepo mgonjwa aliyetaka kugeuzwa, na katika karakana ile mtu pekee aliyejua namna ya kumgeuza alikuwa yeye.

Alikata satini nyeupe, akajaza pamba, akaacha upande mmoja wazi. Akamwita Kitinda, akamweleza maana ya ile ishara, na kwamba aliijua tangu siku ya kwanza. Kitinda hakumtukana. Alisema tu:

"Kabla hujashona, dada. Mara moja tu nimwone."

Angeweza kukataa, na alitaka kukataa. Alisimama ameshika kamba muda mrefu hata Randa akauliza kutoka mbali kama wamegeuka sanamu. Mwisho akamfunga Kitinda kamba mkononi, kwa upole asioutarajia, akasogea nyuma. Pembeni ya cherehani hapakuwa tena na mtu machoni pake, ila vumbi na mwanga wa dirisha.

Kitinda aliinua uso. Alitazama. Kisha taratibu akainamisha kichwa, kama mtu anayepapaswa nywele, akafumba macho.

"Amekugeukia?" Sindano aliuliza. "Kitinda! Amekugeukia?"

Kitinda aliifungua kamba mwenyewe, akampa.

"Shona, dada."

Alishona. Mshono ulikwenda upande, mshono pekee mbovu katika maisha yake, na hakuufumua. Saa sita mchana walikwenda makaburini na mwiko wa kupandia maua, wakachimba upande wa kichwani kina cha mkono mzima, wakauweka mto, wakafukia.

Miaka imepita sasa. Cherehani iko palepale, na kazi ni ileile. Sindano amekwisha kumuuliza Kitinda kama mama alimgeukia, kwa hasira, kwa kubembeleza, hata kwa utani, na jibu ni lile lile: shona, dada. Lakini kila Kitinda anapopita pembeni ya cherehani, huinamisha kichwa kidogo, mahali palepale. Sindano humwona, akang'ata uzi.